Kamera ya Mbugani: Fedha Iende Kwenye Lenzi au Kwenye Bodi?

Faru weusi wamo ndani ya kreta ya Ngorongoro, na karibu kila gari linaloshuka asubuhi lina mtu anayewatafuta. Dereva mwenye macho makali anaweza kumpata mmoja. Shida ni kwamba mara nyingi faru huyo yuko mita 300 kutoka barabarani, pengine zaidi, na gari haliruhusiwi kuacha barabara. Hapo ndipo hesabu ya lenzi inapoanza. Lenzi ya milimita 600 ikifungwa kwenye kamera yenye sensa kubwa, ile ya upana wa milimita 36, huona eneo la upana wa mita 18 kwa umbali huo. Faru ana urefu wa mita tatu na nusu hivi, kwa hiyo atachukua sehemu moja ya tano ya picha na zilizobaki zitakuwa majani. Kamera ya megapikseli 45 hutoa picha yenye nukta zipatazo 8,200 kwa upana. Faru wetu atagawiwa 1,600. Kwa simu na mtandaoni zinatosha na kubaki. Kwa kalenda ya ukutani, hapana.

Hesabu hii ni ndogo, lakini watu wachache huifanya kabla ya kutoa fedha. Maongezi ya dukani huanzia kwingine: megapikseli ngapi, picha ngapi kwa sekunde, toleo la mwaka gani. Maoni yangu ni kwamba mpiga picha wa wanyamapori katika hifadhi zetu hupangiwa na vitu vitatu ambavyo havimo kwenye boksi la kamera: barabara, joto na saa za mwanga. Anayenunua kwa kufuata vitu hivyo atajikuta ameweka fedha nyingi kwenye lenzi na kidogo kwenye bodi, yaani kamera yenyewe.

Tuanze na barabara. Hifadhi ya Serengeti ina kilomita za mraba 14,763, lakini mpiga picha haipati yote. Anapata ukanda ulio kandokando ya njia za magari, na chochote kinachoamua kupita karibu. Simba wa Seronera wamezoea magari na huweza kulala kwenye kivuli cha tairi; duma aliyeko mbali atabaki mbali. Upande wa Kenya, katika hifadhi za jamii zinazopakana na Maasai Mara kama Mara North na Olare Motorogi, magari huruhusiwa kutoka barabarani kumfuata mnyama kwa utaratibu maalumu. Ndiyo maana mtu aliyepiga picha huko anaweza kukwambia kwa moyo mweupe kwamba milimita 400 zinatosha, na mwenzake aliyetoka Ngorongoro akamwona mwongo. Wote wawili wanasema kweli. Kabla ya kuuliza lenzi gani, uliza gari lako litaishia wapi.

Joto ni jambo ambalo wauza lenzi hawalitaji. Wakati wa kiangazi, ikishafika saa nne asubuhi ardhi ya mbuga huwa imepata moto, na hewa iliyo juu yake huanza kucheza. Kwa macho unaona mazigazi yale ya kawaida, kama maji yametandazwa kwa mbali. Kupitia lenzi ndefu unaona swala ambaye miguu yake inayeyuka. Lenzi ya dola 13,000 na ya dola 1,700 zitaleta picha mbovu ileile, kwa sababu lenzi ndefu haimsogezi mnyama: humkuza yeye pamoja na hewa yote iliyoko kati yenu. Nimeona watu wakirudisha lenzi dukani kwa madai kwamba haishiki fokasi, na picha zote walizoonyesha zilipigwa saa saba mchana, mnyama akiwa upande wa pili wa bonde. Hata bonneti ya gari lako, injini ikiwa imetoka kuzimwa, hutoa mvuke wa joto wa kutosha kuharibu picha inayopigwa juu yake. Kwa mnyama wa mita 300 saa za mchana, kuongeza milimita ni kutupa fedha. Dawa pekee ni kuwahi.

Nako kuwahi kunaleta suala la tatu, mwanga, na hapa ndipo bei za lenzi zinapopata maelezo. Serengeti iko karibu na ikweta. Jua huchomoza saa kumi na mbili na nusu hivi, hupanda wima, na ule mwanga laini wa dhahabu haudumu. Kabla jua halijatoka, chui akiwa bado juu ya mgunga, kamera inalilia mwanga. Tuseme lenzi yako ina tundu la f/6.3, nawe unataka kasi ya 1/250 ya sekunde ili chui akigeuza kichwa asiwe ukungu. Kamera itapandisha usikivu wa sensa hadi ISO 12,800. Mwenye lenzi ya f/4 palepale anapata mwanga mara mbili na nusu zaidi, kwa hiyo atapiga kwa ISO 5,000 hivi, na manyoya ya chui wake yatakuwa na chenga kidogo. Mwenye lenzi ya f/11 atahitaji karibu 39,000, na bora aweke kamera chini anywe chai. Tofauti hiyo ndiyo anayoilipia mtu anayenunua 600 f/4, lenzi ya kilo tatu ambayo kwa Canon na Sony ilitoka kwa dola 13,000 hivi. Analipia nusu saa ya asubuhi na nusu saa ya jioni. Jua likishakaa vizuri angani, f/4 na f/6.3 hutoa picha ambazo mhariri wa gazeti hawezi kuzitenganisha, isipokuwa kwa jinsi majani ya nyuma yalivyofifia.

Hapa watu hukimbilia kuuliza juu ya kidhibiti mtikisiko kilichomo kwenye lenzi na kamera za siku hizi. Kinafanya kazi nzuri, ila kinatuliza mikono yako wewe. Nyumbu anayeruka Mto Mara hakimhusu. Kwa mnyama anayetembea, 1/500. Anayekimbia, 1/1000 au zaidi. Ndege anayeruka, 1/2000 na kuendelea. Namba hizo zinadai mwanga, na mwanga unatoka kwenye tundu la lenzi au kwenye ISO. Hakuna mlango wa tatu.

Katika lenzi zenyewe, soko limebadilika sana ndani ya miaka kumi na kitu. Zamani palikuwa na lenzi nyeupe za mamilioni kwa wenye magazeti, na zumu hafifu za milimita 300 kwa wengi waliobaki. Tamron ilipoleta 150-600 mwishoni mwa 2013, na Sigma ikafuata na zake, mtu wa kawaida akafika milimita 600 bila kuuza kiwanja. Nikon ikaleta 200-500 f/5.6 mwaka 2015. Leo kundi hili ndilo linalobeba wapiga picha wengi: Sony 200-600 ya 2019, iliyotoka kwa dola 2,000, na Nikon 180-600 ya 2023, iliyotoka kwa dola 1,700. Zote mbili zina uzito wa kilo mbili na ushee. Zina pia sifa moja ambayo katika karatasi za matangazo inapewa mstari mmoja tu, na katika vumbi la Ndutu, kusini mwa Serengeti, ina thamani kubwa: hazirefuki unapovuta zumu. Lenzi inayorefuka huvuta hewa ndani kila inapopanuka, na hewa ya Ndutu mwezi wa Septemba ni vumbi jeupe la volkano.

Canon walichukua njia nyingine. Zumu yao ya RF 100-500, ya 2020, ni kilo moja na gramu 370 bila kishikio chake, nyepesi kiasi cha kuishika mkononi asubuhi nzima, lakini ikifika mwisho tundu lake ni f/7.1. Mwaka uleule walitoa lenzi mbili za f/11, za milimita 600 na 800, za bei ndogo na uzito mdogo. Kwa tumbusi angani saa nne asubuhi zinafaa. Kwa chui wa alfajiri tumeshaona hesabu yake. Mwaka 2023 ikaja RF 200-800, ambayo kwenye milimita 800 ni f/9. Wapenda ndege wanaipenda, nami naelewa kwa nini, maana ndege mdogo hata akiwa mita kumi bado ni mdogo.

Katikati ya zumu hizi na ile mizinga ya f/4 kuna lenzi za urefu mmoja zilizopunguzwa uzito. Nikon ndiyo iliyoling'ang'ania wazo hili: 500 f/5.6 ya 2018, kisha 800 f/6.3 na 600 f/6.3 za mfumo wao mpya. Hiyo 600 haifiki hata kilo moja na nusu. Ni lenzi tamu, na kwa mtu anayetembea kwa miguu kutafuta ndege kwenye misitu ya Amani au Arabuko-Sokoke ningemshauri aifikirie. Kwa mtu wa garini nasita. Ndani ya Land Cruiser huwezi kurudi nyuma hatua mbili. Tembo aliyekuwa mita 80 akiamua kuvuka barabara mbele yenu, mwenye 600 isiyo na zumu atapiga picha ya jicho na kipande cha sikio, na wenzake wenye 100-400 watapata familia nzima ikivuka na mtoto katikati. Lenzi yenye zumu ndiyo miguu ya mtu aliyefungiwa garini, na kwa safari zetu hiyo ni sababu tosha ya kuipa kipaumbele.

Telekonveta, kile kipande kinachowekwa kati ya lenzi na bodi, huuzwa kama njia ya mkato. Cha 1.4 hukunyang'anya nusu ya mwanga. Cha mara mbili huacha robo. Kwenye 600 f/4 mambo huenda vizuri. Kwenye zumu ya f/6.3 utakuwa na f/9 au f/13, fokasi inayosuasua, na mazigazi yaliyokuzwa zaidi. Mimi ningeweka fedha hiyo kwenye siku moja zaidi ya kukaa hifadhini.

Sasa bodi. Jambo linalozungumzwa kuliko yote ni sensa ndogo, ile ya APS-C, kwamba "inaongeza" lenzi mara 1.5 kwa Nikon na Sony au 1.6 kwa Canon. Haiongezi kitu. Inakata kingo za picha, na faida yake, ikiwapo, inatokana na nukta zake kubanana zaidi. Turudi kwa faru wa mita 300. Canon R7 ya 2022 ina sensa ya upana wa milimita 22.3 yenye nukta 6,960. Kwa lenzi ileile ya 600, faru atapata nukta karibu 2,200 badala ya 1,600 za kamera kubwa ya megapikseli 45. Ni nyongeza ya kweli, kwa kamera iliyotoka kwa bei isiyofika nusu ya ile kubwa. Na ukilinganisha na sensa kubwa ya megapikseli 24, yenye nukta 6,000 tu kwa upana, tofauti inakuwa pana zaidi, maana faru huko anapata 1,200. Kwa hiyo mwenye kamera ya megapikseli 24 ni lazima awe na lenzi ndefu au mnyama wa karibu. Hana cha kukata.

Kwa upande mwingine, mnyama akijaa kwenye picha, megapikseli hupoteza umuhimu haraka. Ukurasa wa A3 uliochapwa vizuri unahitaji nukta karibu 5,000 kwa upana. Nikon D500 ya 2016, ya megapikseli 20.9, inatoa 5,568. Kamera hiyo ya kioo cha ndani bado inapiga picha kumi kwa sekunde, fokasi yake ni ya kuaminika, na watu wanaiuza kwa bei ya chini kwa sababu wanahamia mirolesi, kamera zisizo na kioo hicho. Ukiambatanisha D500 iliyotumika na ile 200-500, una kifaa ambacho kwa simba, tembo na twiga hakina cha kuomba radhi.

Mirolesi zinaishinda wapi? Kwenye fokasi, na hapa siwezi kubishana. Sony waliweka utambuzi wa jicho la mnyama mwaka 2019, Canon wakaja na R5 na R6 mwaka 2020, na Nikon wakawafikia kwa Z9 mwishoni mwa 2021. Kamera inaliona jicho, inalikamata, na inalifuata mnyama akizunguka. Kwa duma anayekuja mbio kuelekea gari, kazi iliyokuwa ya fundi wa miaka imekuwa ya mtu yeyote aliyejifunza menyu kwa wiki mbili. Bado ina udhaifu wake: mondo akiwa ndani ya majani marefu, kamera huweza kung'ang'ania unyasi ulio mbele ya uso na kukuachia mnyama wa ukungu. Aliyezoea kushika kidoto kimoja kidogo cha fokasi na kukiweka mwenyewe juu ya jicho ndiye anayetoka na picha siku hiyo.

Kitu kingine cha kukagua ni kasi ya kusoma sensa. Shata ya kielektroniki ya kamera nyingi husoma sensa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Usomaji ukiwa wa polepole, mdiria anapoondoka kwenye kijiti bawa lake huwa limeshahama kabla mstari wa mwisho haujasomwa, na picha inatoka na bawa lililopinda kama mpira. R7 ina tatizo hilo, na dawa yake ni kutumia shata ya chuma. Z9 haina shata ya chuma kabisa, kwa kuwa sensa yake husomwa kwa kasi kubwa, na Sony A9 III husoma sensa yote kwa mpigo mmoja. Kwa mtu wa ndege, hili ni muhimu kuliko megapikseli kumi za ziada. Kwa mtu wa simba waliolala halimhusu.

Picha ishirini kwa sekunde, je? Faili ghafi la kamera ya megapikseli 45 lina ukubwa wa megabaiti 50 hivi. Sekunde moja ya kubonyeza ni gigabaiti moja. Kivuko kimoja cha nyumbu kinajaza kadi, na usiku kambini utakuwa unafuta badala ya kulala. Na umeme wa kufutia uko wapi? Kwa kipimo rasmi, D500 hupiga picha 1,240 kwa betri moja, na Nikon Z8 340 hivi. Ukipiga mfululizo zote huvuka namba hizo, lakini uwiano unabaki, na katika kambi za wazi zisizo na soketi mwenye mirolesi huishi kwa chaja ya garini na kwa hisani ya dereva.

Baada ya kusema yote haya juu ya lenzi ndefu, nikiri kwamba baadhi ya picha zilizoheshimika zaidi kutoka nchi hizi hazikupigwa nazo. Nick Brandt, aliyetoa kitabu *On This Earth* mwaka 2005, alitumia kamera ya filamu ya Pentax 67 bila lenzi ndefu. Alingoja tembo wa Amboseli wamsogelee. Michael Nichols, aliyeshinda tuzo kuu ya Wildlife Photographer of the Year mwaka 2014 kwa picha ya simba wa kundi la Vumbi, Serengeti, katika mradi ule alitumia pia kamera iliyopachikwa juu ya kigari kidogo cha rimoti. Anup Shah, mzaliwa wa Kenya, alificha kamera zenye lenzi pana ardhini na kuziongoza kwa mbali. Njia hizi zinataka vibali na muda ambao mtalii wa siku tatu hana, lakini zinaeleza kwa nini picha za lenzi ndefu huanza kufanana: mnyama mkali, nyuma kumefifia, mahali hapajulikani. Lenzi fupi huonyesha mlima, mvua na nyasi alimosimama.

Na kuna mahali ambapo milimita 600 ni mzigo mtupu. Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, mgeni hukaa na sokwe saa moja, amevaa barakoa, kwa umbali usiopungua mita kumi, chini ya miti iliyofunga anga. Kule 70-200 f/2.8 ndiyo mfalme, na flashi hairuhusiwi. Aliyepanda na zumu ya f/6.3 kwa sababu alisikia ndiyo lenzi ya wanyama atashuka na ISO ya kutisha na pua za sokwe.

Usafirishaji una sheria zake. Ndege ndogo zinazotua Seronera kwa kawaida humruhusu abiria kilo 15, kwenye begi laini, pamoja na nguo zake. Mwenye 600 f/4, bodi mbili na kompyuta ameshamaliza karibu nusu yake kabla hajaweka shati. Mguu wa kamera uache nyumbani. Kwenye paa la Land Cruiser kinachofanya kazi ni mfuko wa kitambaa uliojazwa mchele au maharage. Beba mfuko mtupu, ujaze sokoni Karatu, na mkimaliza safari chakula hakitupwi. Juu ya vumbi, bodi mbili zenye lenzi mbili tofauti ni bora kuliko bodi moja ya bei mbaya, kwani hubadilishi lenzi njiani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019. Kitenge kilicholowa kidogo kinafunika kamera vizuri zaidi kuliko ilivyokuwa mifuko ile.

Kwa mwenye fedha ya kitu kimoja tu, ningesema: zumu inayofika 500 au 600, na bodi yoyote iliyotumika inayoishikia fokasi. Afanye mazoezi mahali pa karibu: wa Dar es Salaam ana Mikumi, wa Nairobi ana hifadhi ya kilomita za mraba 117 mlangoni kwake. Lenzi hudumu bodi tatu. Anayelipwa kwa picha zake ndiye mwenye sababu ya f/4, na hata yeye akodi kwanza kabla ya kununua.

Ukinunua iliyotumika Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar, kitu cha kuogopa ni kuvu. Unyevu wa pwani huotesha nyuzi nyembamba kama za buibui kati ya vioo vya ndani, na huwezi kuziona kwa mwanga wa duka. Fungua tundu lote, washa tochi ya simu upande wa nyuma wa lenzi, tazama kwa mbele huku ukiigeuza polepole. Kisha vuta zumu mara kadhaa usikilize kama kuna mchanga unaokwaruza, ipachike kwenye bodi yako, utoke nje upige namba ya gari lililoegeshwa mbali, tundu likiwa wazi kabisa, ukuze uone kama herufi za kulia na kushoto zina ukali uleule. Muuzaji akikukatalia kutoka nayo nje, mrudishie.